Uzi: Sukari iko sawa, mimba haiji. Nafasi ya insulini na kongosho katika uzazi

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mijadala mingi kuhusu kuchelewa kupata mtoto huanzia kwenye mirija ya uzazi, hupita kwenye mbegu za kiume, kisha huishia kwenye lawama. Kongosho halitajwi, ingawa homoni yake moja, insulini, ina mkono katika kupevuka kwa yai, katika utengenezaji wa mbegu na katika kujishikiza kwa mimba changa. Nimefungua uzi huu kwa ajili ya wale ambao wameshapitia vipimo vya kawaida, wakaambiwa kwamba sukari yao ya damu haina tatizo, ilhali hedhi inakuja kila baada ya siku 45 au 60, au inapotea miezi kadhaa na kurudi bila mpangilio, na hakuna aliyewaeleza kwamba majibu mazuri ya sukari hayajaifuta insulini kwenye orodha ya washukiwa.

Hoja yangu ni kwamba sukari kuwa katika kiwango cha kawaida hakuthibitishi kuwa insulini nayo iko katika kiwango cha kawaida, na kwamba kwa watu wengi kinachovuruga uzazi ni wingi wa insulini, tena miaka mingi kabla sukari yenyewe haijapanda.

Tuanze na kongosho. Ndani yake mna vikundi vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, na ambavyo hadi leo vinaitwa visiwa vya Langerhans. Seli za beta hutoa insulini, ambayo huiwezesha misuli na tishu za mafuta kupokea sukari na hulizuia ini lisiendelee kumwaga sukari kwenye damu. Seli za alfa hutoa glukagoni, inayofanya kinyume chake mtu anapokaa muda mrefu bila kula, na seli za delta hutoa somatostatini, inayozidhibiti hizo mbili. Kwa upande wa uzazi insulini ndiyo yenye uzito, kwa hiyo nitakaa nayo.

Usugu wa insulini ni hali ambapo misuli, ini na mafuta ya mwili vinashindwa kuitikia insulini ipasavyo. Kongosho huziba pengo hilo kwa kutoa insulini nyingi zaidi, mara mbili, mara tatu au hata kupita hapo, na kwa muda mrefu juhudi hiyo hufanikiwa: sukari inabaki mahali pake. Kisukari cha aina ya pili huja pale tu seli za beta zinapolemewa na kushindwa kuendelea na kasi hiyo. Katika miaka yote ya kabla ya hapo karatasi ya majibu inaonyesha namba nzuri, na mwenye nayo anaambiwa aende nyumbani, hana tatizo.

Jambo linaloleta utata ni kwamba si kila sehemu ya mwili inakuwa sugu kwa namna ileile. Insulini inapojishikiza kwenye kipokezi chake juu ya seli, ujumbe wake hupita njia zaidi ya moja: ipo inayoshughulika na kuingiza sukari, na ipo inayoshughulika na ukuaji wa seli na utengenezaji wa homoni nyingine. Katika usugu, njia ya sukari ndiyo inayodhoofika zaidi, na ovari zinaendelea kuipokea amri ya kutengeneza homoni kana kwamba hakuna kilichobadilika. Ni sawa na kuongea na watu wawili waliokaa pamoja, mmoja mzito wa kusikia na mwingine mwenye masikio mazima: ukipaza sauti ili yule wa kwanza akusikie, wa pili ndiye anayeumia. Misuli ndiyo isiyosikia, na ovari ndizo zinazoumia.

Ndani ya ovari, kila kifuko cha yai kimezungukwa na seli za theka, ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni za jamii ya kiume zinapoamriwa na homoni ya LH kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Homoni hizo ni za kawaida kwa kila mwanamke, kwa kuwa seli za granulosa zilizo upande wa ndani huzigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike. Insulini ikizidi, hushirikiana na LH na kuzisukuma seli za theka zitengeneze kupita kiasi. Wakati huohuo insulini ileile inalifanya ini lipunguze utengenezaji wa SHBG, yaani protini inayozibeba homoni za jinsia kwenye damu, na SHBG inapopungua, sehemu kubwa zaidi ya testosteroni inabaki huru na yenye nguvu ya kufanya kazi. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa na testosteroni ya jumla iliyopanda kidogo tu, lakini ile iliyo huru ikawa imepanda sana. Kutoka hapo huja chunusi zisizokoma, nywele za kidevuni na kifuani, na kupungua kwa nywele za utosini.

Vifuko vya mayai navyo vinaanza kukua kwa wingi na kukwama. Katika mzunguko wa kawaida, kimoja huwapita wenzake, hufikia kipenyo cha takriban milimita 20 na kupasuka ili kuachia yai. Katika hali ninayoielezea, vingi husimama kabla ya kufikia milimita 10, na kwenye picha ya ultrasaundi huonekana vimejipanga pembezoni mwa ovari. Hivyo ndivyo wagonjwa wengi wanavyoambiwa kuwa ni "uvimbe", wakaingiwa na hofu ya kupasuliwa, kumbe ni vifuko vya mayai vilivyosimama njiani. Kwa kuwa yai halijaachiwa, projesteroni haitengenezwi, na kwa kuwa projesteroni haipo, utando wa ndani wa mji wa mimba unaendelea kujengwa na estrojeni bila kubomolewa kwa wakati wake. Ndiyo maana hedhi inachelewa, kisha inakuja nzito, na ndiyo maana madaktari hawapendi mwanamke akae miezi mingi bila hedhi hata kama hatafuti mtoto: utando huo ukiachwa ukinenepa kwa miaka, hatari ya saratani ya mji wa mimba huongezeka.

Hali hii kwa ujumla wake ndiyo PCOS (kwa Kiingereza polycystic ovary syndrome), na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawagusa kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kuwa wanayo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa somo. Naomba kuuliza: kama uhusiano huu uko wazi kiasi hicho, kwa nini kwa miaka mingi tumekuwa tukielezwa kwamba tatizo ni la ovari peke yake? Je, haya ni mambo mapya?

Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Dalili zilionekana zamani, ila waliozitazama walikuwa katika fani tofauti na hawakuwa na kipimo.

Mwaka 1921, ambao ndio Frederick Banting na Charles Best walikuwa Toronto wakihangaika kuitoa insulini kwenye kongosho, Wafaransa wawili, Charles Achard na Joseph Thiers, walichapisha maelezo ya kisukari kwa wanawake walioota ndevu. Mambo hayo mawili yalitokea mwaka mmoja, na ilichukua takriban miaka sitini kuunganishwa. Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago waliwaeleza wanawake saba waliokosa hedhi na wenye ovari zilizovimba. Waliwafanyia upasuaji wa kukata kipande cha ovari, hedhi zikarejea na baadhi yao wakapata mimba. Matokeo hayo yaliwafanya wengi waamini, kwa haki kabisa, kwamba chanzo kiko kwenye ovari. Mwaka uliofuata Harold Himsworth wa Uingereza alionyesha kwamba wapo wagonjwa wa kisukari ambao miili yao haiitikii insulini wanayopewa, lakini hapakuwa na aliyefikiria kuyasoma maandishi hayo mawili pamoja.

Kikwazo kikubwa kilikuwa kwamba insulini ya kwenye damu haikuweza kupimwa kwa uhakika. Njia ya kuipima ililetwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson karibu na mwaka 1960, na Yalow alitunukiwa Nobeli mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Baada ya hapo ndipo, mwaka 1980, Burghen na wenzake waliweza kuonyesha kwamba kwa wanawake wenye PCOS, kadiri insulini inavyokuwa juu ndivyo homoni za kiume zinavyokuwa juu. Mwaka 1996 Nestler na Jakubowicz wakaenda hatua moja mbele: waliipunguza insulini kwa dawa ya metformini, na utengenezaji wa homoni za kiume ndani ya ovari ukapungua pamoja nayo. Kwa maoni yangu ushahidi wa aina hiyo ndio wenye nguvu, kwa sababu umegusa chanzo na kuona matokeo yakibadilika, badala ya kuishia kuona vitu viwili vikitembea pamoja.

Upo pia upande wa pili ambao watu husahau, nao ni upungufu wa insulini. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipoanza kutumika kama dawa, wasichana wenye kisukari cha aina ya kwanza waliofikia utu uzima mara nyingi hawakupata hedhi, na waliobeba mimba walikuwa wachache sana. Ubongo unahitaji kupata taarifa kwamba mwili una nishati ya kutosha kabla ya kuruhusu uzazi, na insulini ni mmoja wa watoa taarifa hiyo. Mwaka 2000 watafiti waliondoa vipokezi vya insulini kwenye neva za ubongo wa panya, na uzazi wa panya hao ukaathirika, kwa sababu LH ilishuka na vifuko vya mayai vikashindwa kupevuka, ilhali ovari na korodani zenyewe hazikuguswa. Insulini ikikosekana uzazi unalala, na ikizidi unavurugika.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu ndugu. Mimi nina PCOS iliyothibitishwa, lakini uzito wangu ni wa kawaida kabisa, na kila ninapoeleza jambo hili naambiwa nipunguze mwili. Sina cha kupunguza. Je, na mimi nahusika na usugu huu? Na ni kipimo gani nikiombe?

Mleta uzi

Pole, dada yangu. Ushauri wa kupunguza mwili kwa mtu asiye na uzito wa kupunguza ni uvivu wa kufikiri, na ninasikitika kwamba unatolewa mara nyingi namna hiyo.

Ndiyo, unaweza kuhusika. Mwaka 1989 Andrea Dunaif na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye PCOS wana usugu wa insulini hata wanapolinganishwa na wanawake wa uzito uleule wasio na PCOS, wembamba kwa wembamba na wanene kwa wanene. Unene unaongeza usugu juu ya ule uliopo. Si lazima uwe ndio uliouanzisha. Vilevile mafuta yanayozunguka ini na utumbo yana madhara zaidi kuliko yale ya mapajani, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na uzito wa kawaida kwenye mizani na bado kiuno chake kikaeleza habari nyingine.

Kuhusu vipimo, nitaeleza kwa mfano wa kubuni. Wanawake wawili wamepima asubuhi kabla ya kula chochote, na wote wawili sukari yao ni 5.0 mmol/L, namba ambayo hakuna daktari atakayeitilia shaka. Wa kwanza insulini yake ni 5 na wa pili ni 22, kwa kipimo cha mikroyuniti kwa mililita. Kanuni inayoitwa HOMA, iliyochapishwa na Matthews na wenzake mwaka 1985, inataka uzidishe sukari kwa insulini kisha ugawanye kwa 22.5. Wa kwanza anapata 1.1 na wa pili anapata 4.9. Sukari yao ni moja, lakini kongosho la wa pili linafanya kazi zaidi ya mara nne ili kuishikilia hapo.

Pamoja na hayo, usikimbilie kipimo cha insulini ukidhani ndicho kitakachoamua kila kitu. Vipimo vya insulini hutofautiana kati ya maabara na maabara, hakuna mstari mmoja wa mpaka unaokubalika na wote, na mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haupendekezi kuitumia insulini katika huduma za kila siku. Unachopendekeza ni kupima namna mwili unavyoishughulikia sukari, na kipimo bora ni kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili: ikiwa kati ya 7.8 na 11.0 mmol/L mwili umeshaanza kushindwa, na ikifika 11.1 au zaidi ni kiwango cha kisukari. Kipimo hiki huwanasa watu ambao sukari yao ya asubuhi ilikuwa nzuri. Dalili nyingine haihitaji maabara kabisa: ngozi nyeusi, iliyonenepa kidogo na laini kwa kuguswa, nyuma ya shingo, kwapani au kwenye kinena. Watu huisugua kwa sabuni na dodoki wakidhani ni uchafu, nayo haitoki, kwa sababu ni insulini nyingi inayozichochea seli za ngozi.

Nyongeza ndogo ambayo wenye kisukari cha aina ya kwanza watanufaika nayo. Insulini ya kongosho humwagwa kwanza kwenye mshipa unaoelekea kwenye ini, na ini huondoa takriban nusu yake kabla haijasambaa mwilini. Insulini ya sindano huingia chini ya ngozi na kusambaa moja kwa moja, kwa hiyo ili ini lipate kiasi chake, ovari na viungo vingine vinapokea zaidi ya vilivyozoea. Hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za PCOS kuonekana zaidi kwa wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza kuliko kwa wengine, na si sababu hata kidogo ya kuacha sindano.

Mchangiaji wa tatu

Nimefuatilia kwa makini, lakini naona mazungumzo yote ni ya wanawake. Mimi ni mwanamume, nina kisukari cha aina ya pili, na tumehangaika na mke wangu bila mafanikio. Nimeshauriwa nidungwe sindano za testosteroni ili kurudisha nguvu. Naomba maoni yako.

Mleta uzi

Kaka, kabla hujadungwa sindano hiyo, tafadhali zungumza na daktari anayejua kwamba unatafuta mtoto. Testosteroni inayoingizwa kutoka nje huufanya ubongo uamini kwamba korodani zimeshatimiza kazi. LH na FSH, homoni mbili za pituitari zinazoziamuru korodani, zinashuka, na utengenezaji wa mbegu unaweza kusimama kabisa. Wapo wanaume waliorudi na hamu ya tendo na nguvu tele huku kipimo cha shahawa kikionyesha kwamba hakuna mbegu hata moja.

Tatizo lenyewe lakini ni la kweli. Tafiti zimekuta kwamba takriban theluthi moja ya wanaume wenye kisukari cha aina ya pili wana testosteroni ya chini, na cha ajabu ni kwamba kwa wengi wao LH haipandi ili kuzihimiza korodani, jambo linaloonyesha kwamba hitilafu iko juu, ubongoni, na si kwenye korodani peke yake. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya cha aromatasi kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na estrojeni hiyo inazidi kuuzuia ubongo. SHBG inashuka kama ilivyo kwa wanawake. Sukari iliyopanda kwa muda mrefu nayo huleta msongo wa oksidishaji unaovunja DNA ndani ya mbegu, kwa hiyo idadi na kasi ya mbegu vinaweza kuonekana vya kuridhisha kwenye karatasi na bado mimba zikawa haziingii au zikaharibika mapema.

Lipo jambo jingine ambalo wanaume wenye kisukari cha miaka mingi hawaulizwi: je, shahawa inatoka kwa kiasi gani? Kisukari kinapoharibu neva zinazofunga mlango wa kibofu, shahawa inarudi nyuma na kuingia kwenye kibofu badala ya kutoka. Mwanamume anafika kileleni kama kawaida, lakini kinachotoka ni kidogo sana au hakuna kabisa, na mkojo wa mara baada ya tendo unakuwa na ukungu. Kipimo chake ni rahisi: mkojo huo unatazamwa kwa hadubini ili kuona kama una mbegu. Likigundulika, zipo njia za kuzikusanya mbegu hizo na kuzitumia.

Ukianza leo kuidhibiti sukari, usitarajie kipimo cha shahawa cha wiki ijayo kikupe habari njema. Mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, na muda zaidi kukomaa katika mirija yake, kwa hiyo kipimo cha kulinganisha kinafaa kufanyika baada ya miezi mitatu. Na usimwache mkeo apimwe peke yake wakati huo wote.

Mchangiaji wa nne

Ndugu zangu, mbona hatuzungumzii dawa? Nimeona watu wanauza mchanganyiko wa kusafisha kongosho na kuyeyusha uvimbe wa ovari, na wanasema metformini inatosha kushika mimba. Ipi ni kweli?

Mleta uzi

Kongosho halisafishwi, na vifuko vya mayai haviyeyushwi. Hapo sina cha kuongeza.

Metformini ni dawa nzuri kwa kazi yake: inapunguza sukari inayotolewa na ini, hivyo insulini inayohitajika inapungua, na baadhi ya wanawake hurejewa na hedhi na kupevusha yai. Kama njia ya kushika mimba, hata hivyo, imeshindanishwa na nyingine na majibu yapo. Mwaka 2007 Richard Legro na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 626 wenye PCOS: waliotumia klomifeni, dawa ya kupevusha yai, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 22.5, waliotumia metformini peke yake asilimia 7.2, na waliotumia zote mbili asilimia 26.8, tofauti ambayo kitakwimu haikuizidi klomifeni peke yake. Mwaka 2014 kundi hilohilo la watafiti liliwafuatilia wanawake 750 na kukuta letrozoli, dawa iliyoanza kutumika kwa saratani ya matiti, ikiwapa watoto asilimia 27.5 dhidi ya asilimia 19.1 ya klomifeni. Tangu hapo letrozoli ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza katika kupevusha yai kwa wenye PCOS. Metformini ina nafasi yake kando, hasa kwa yule ambaye kipimo chake cha glukosi kimeshaonyesha dalili, na anayeitumia kwa muda mrefu apimwe vitamini B12, kwa kuwa inaweza kuishusha.

Wengi hawataki kusikia habari za mazoezi kwa sababu wamechoka kuhubiriwa, lakini nitaeleza namna yanavyofanya kazi, kwa kuwa nadhani wahubiri wenyewe huiruka sehemu hiyo. Msuli unapojikunja huingiza sukari kwa njia yake yenyewe isiyohitaji insulini, na baada ya zoezi moja uitikiaji wake kwa insulini huwa bora kwa siku moja hadi mbili. Maana yake ni kwamba kongosho linapunguziwa kazi hata kama mizani haijasogea, na hilo linamhusu pia dada yetu mwembamba aliyeuliza hapo juu. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito alionao mara nyingi kunatosha kuanzisha tena upevukaji wa yai. Mtu wa kilo 90 anahitaji kuanzia kilo 4.5, na hahitaji kusubiri mpaka awe mwembamba.

Mchangiaji wa tano

Mimi nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia semaglutaidi. Hedhi ilikuwa imepotea muda mrefu, sasa imerudi. Nifurahi au nihofu? Tunataka mtoto, ila si mwezi huu.

Mleta uzi

Hongera, dada, lakini anza kujikinga kuanzia sasa, kwa sababu yai hupevuka kabla ya hedhi, na hedhi iliyorudi ni dalili kwamba huenda umeshaanza kuwa na siku za kushika mimba. Dawa za kundi hilo huiga homoni ya utumbo inayolihimiza kongosho litoe insulini sukari inapopanda, na kwa kuwa zinapunguza uzito na usugu, wanawake wengi waliojizoesha kuamini kwamba hawawezi kushika mimba wamejikuta wajawazito bila kupanga. Semaglutaidi inatakiwa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu. Wanaotumia tirzepataidi, dawa inayofanana na hiyo, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango wajue kwamba inapunguza ufanisi wa vidonge hivyo, na wanashauriwa kuongeza kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza dawa na kwa wiki nne nyingine kila dozi inapoongezwa, au wabadili njia.

Muda huo wa kusubiri utumie kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na uzungumze na daktari kuhusu dawa itakayoshika nafasi ya semaglutaidi ili sukari isipande ukishaiacha. Lengo linalopendekezwa kabla ya kushika mimba ni chini ya asilimia 6.5, kama linaweza kufikiwa bila sukari kushuka kupita kiasi, na mwongozo wa Uingereza unashauri kwa nguvu kutoshika mimba kiwango kikiwa zaidi ya asilimia 10. Sababu ni kwamba mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya yai kurutubishwa, na moyo nao huanza kujengwa katika wiki hizohizo, wakati ambapo mwanamke mwenye mzunguko usio na mpangilio kama wako huenda bado anadhani hedhi imechelewa tu. Anza pia foliki asidi kabla; kwa wengi dozi ni mikrogramu 400 kwa siku, lakini kwa wenye kisukari mwongozo huohuo wa Uingereza unataja miligramu 5, ambayo utaandikiwa na daktari.